Punje ya Leza na Nyayo za Kanga

Mbukwenyi wajukuu zangu!

Mbona mnaitikia kama watu hawajala? Narudia: mbukwenyi! Eee, hapo sawa. Sasa najua nina watu.

Kaeni. Wewe mwenye sweta la manyoya, livue ulitundike kule mlangoni. Usinune, sweta kama hilo lilinitia aibu mbele ya mgeni, nitakuambia. Na ndala vueni wote. Hapa uani nimeshanyunyiza maji, kanyageni tu, udongo wa Msalato haung'ati.

Haya. Mnataka kutengeneza leza. Mmoja anataka ya kuchora mbao, mwingine anataka ya kuandika jina la mchumba kwenye kava la simu, na mchumba mwenyewe bado hajakubali. Wote mnakuja na swali moja: Bibi, nichukue dayodi ipi? Mimi hiyo dayodi naiita punje, msinicheke. Ni kale kadude kadogo kako ndani ya deki ya sidii, kana kofia ya bati na vijiguu vitatu, ukikaweka kiganjani unaona punje ya mtama. Mwanga wote mnaoutafuta unatoka humo. Bwana Rama alikuwa anaita dayodi, wateja wanaita lenzi, mimi naita punje, na yenyewe haijawahi kukataa kuitika.

Huyo Bwana Rama ndiye aliyenitia kazini. Alikuwa fundi mjini, kibanda chake nyuma ya soko, sakafu ya udongo, paa la bati. Alianza na redio, zilipoingia deki za kuangalizia picha akahamia kwenye deki. Mimi nilikuwa nauza chai pembeni yake. Kila asubuhi nanyunyiza maji, nafagia kwangu, namalizia na kwake, maana vumbi la Dodoma mnalijua, halina adabu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo, watani. Siku ya kwanza kuniona nimevua viatu nafagia akaniambia, "We Mgogo, hivyo viatu unavitunza uende navyo mbinguni?"

Nikamwambia, "Nyamaza wewe. Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akachoka, ndiyo maana upo."

Alicheka mpaka skrubu ikamponyoka mkononi. Skrubu yenyewe ya deki, ndogo kama jicho la sisimizi. Akapiga magoti anaitafuta, anapapasa, haioni. Mimi nimesimama na ufagio wangu, nikainama mara moja nikaiokota. Akaniangalia hivi.

"Mama chai, unaona hivyo?"

"Nimechambua mawe kwenye uwele tangu sijaota meno ya ukubwani. Skrubu itanishinda?"

Kesho yake akanipa ungo umejaa takataka za deki, akasema chambua. Skrubu huku, springi huku, lenzi huku. Chai ikaendelea kuuzwa, lakini ikawa inapoa. Darasa la tatu ndiyo mwisho wangu wa shule, wanangu, kazi yangu nimeisomea kwenye ungo.

Sasa la kwanza kabisa, kabla hujachagua punje, chagua macho yako. Punje za deki za zamani zile za kusomea sidii za muziki, mwanga wake hauonekani. Umeifunga, umewasha, unaona kimya, unadhani imekufa, unasogeza jicho uhakikishe. Usisogeze! Inawaka ile, inakuchoma na wewe umeitazama kama unaangalia tundu la sindano. Bwana Rama alikuwa anaielekeza kwenye karatasi, halafu anaiangalia ile karatasi kwa kamera ya simu. Simu inaona kadoa ka zambarau, wewe huoni kitu. Mkiniuliza ya kujengea, hiyo nasema iacheni. Kitu usichokiona huwezi kukiamrisha.

Ya pili, nyekundu ya deki ya sebuleni. Hiyo unaiona, nzuri, inapendeza. Lakini inasoma tu, na kusoma hakutaki nguvu. Ukitaka kuchezea kuku inakufaa. Mimi nilishawahi kuimulika chini hapo uani, jogoo akalifukuza lile doa mpaka akajigonga kwenye ndoo, na tangu siku hiyo ananiangalia vibaya. Kuchoma mbao haitachoma, utakaa nayo mpaka ndevu zikuote.

Inayofaa ni ile ya kompyuta, lile sanduku la kuandikia sidii. Kumbukeni neno hilo, kuandikia. Ile sidii haiandikwi kwa wino, inachomwa. Kwa hiyo punje yake ina misuli. Serikali ilivyohamia huku Dodoma, na ofisi zikaja na kompyuta zao, za zamani zikatupwa kwenye skrepa mafungu kwa mafungu, na mimi na Bwana Rama tulikuwa tunapita pale kama watu wamefika harusini. Angalieni karatasi iliyobandikwa juu ya lile sanduku. Kuna namba imeandikwa na alama ya eks. Namba ikiwa kubwa, maana yake linaandika haraka, na linaloandika haraka lina punje yenye moto zaidi. Namba ndogo liache, au mpe mwenzako usiyempenda.

Ndani yake mtakuta punje mbili. Moja nyekundu, nyingine ni ile ile ya mwanga usioonekana. Msizichanganye. Na kuitoa ni kwa kibano na subira, usiibane kichwani kwenye kioo, ibane kwenye shingo ya bati. Ukisikia "krik", anza kutafuta nyingine.

Sasa kuna ujanja mmoja wa mafundi nataka niwaharibie kabisa, msije mkadanganywa. Pembeni ya lenzi ya deki kuna kaskrubu kadogo ka kuongezea moto. Lenzi ikichoka, deki ikawa inasema "hakuna sidii" na sidii imo, fundi anakazungusha kidogo, deki inasoma kama mpya, mwenyewe anaondoka anaimba. Bwana Rama alikuwa anasema tumempa mzee kahawa. Mzee akinywa kahawa anacheza ngoma, lakini baadaye analala haamki. Kwa hiyo ukienda kwenye skrepa, ukaona kale kaskrubu kana mkwaruzo wa bisibisi, jua hiyo punje imeshanyweshwa kahawa na mtu. Iache hapo hapo. Mimi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kutazama mikwaruzo.

Na kujua kama ipo hai? Hapa sogeeni. Unaanza na moto kidogo, kidogo sana, unapandisha taratibu, unamulika kwenye karatasi nyeupe. Mwanzo inatoa mwanga mfu, kama tochi ya betri zilizokwisha. Unapandisha, unapandisha, halafu inafika mahali inashtuka. Mwanga unaruka mara moja, na pale kwenye karatasi unaona kama mchanga unacheza, vipunje punje vinametameta ukitikisa kichwa. Huo mchanga ndiyo uhai wake. Ukipandisha na mwanga unabaki bapa, laini, bila mchanga, hiyo maiti. Inawaka lakini maiti. Wengi wanadanganyika hapo, wanasema mbona inawaka? Na hiyo karatasi unaitazama ukiwa umevaa miwani yenyewe ya leza, ya rangi inayoupunguza sana huo mwanga, siyo ile miwani ya jua ya kuendea kwenye sendofu.

Bwana Rama ya kupandishia moto alikuwa anatumia kinobu cha sauti cha redio ya zamani. Tukawa tunaua punje, tunaua, hatujui. Akaanza kusema nina mkono mzito. Siku moja akakirudisha kile kinobu kwenye redio ya mteja, akazungusha, redio ikafanya kwaruuu, kwaruuu. Tukaangaliana. Kumbe kila kikikwaruza kinaruka, moto unaingia wote kwa mkupuo. Akanipa soda, hakusema pole, alisema, "Mkono wako umeachiwa huru." Basi na nyie, hicho kinobu kisikwaruze. Siku hizi kuna visakiti vya kuminya moto, tumieni hivyo, na msiifunge punje kwenye betri moja kwa moja kama mnawasha tochi.

Haya, sasa niwaambie habari ya Elina, maana ndiyo iliyofanya mkasikia jina langu.

Elina ni binti wa Mzee Yona wa Hombolo. Yona nimekua naye, tumechunga mbuzi pamoja, ananiita dada Perisi mpaka leo. Kazi yake kutengeneza ilimba. Wengine mmekulia mjini, basi niwaambie: ilimba ni boksi la mbao lina vyuma vyembamba juu, unabonyeza kwa vidole gumba, na ngoma ya Kigogo bila ilimba ni kelele. Kila fundi ana alama yake. Ya Yona ni nyayo za kanga, yule ndege wa madoa, zinazunguka tundu la sauti mpaka wa mwisho unaufikia wa kwanza. Alikuwa anazichoma kwa msumari wa moto, mkono mtupu, wala hapimi. Ilimba ikiwa haina hizo nyayo hakupi, hata ulie. Anasema bado haijazaliwa.

Basi mikono ikaanza kumtetemeka. Uzee, wanangu, mkikaa nao utawafikia. Alikuwa amemaliza ilimba moja, ameshaipanga sauti, inalia mpaka unasahau kilichokuleta, imebaki alama tu. Akapasha msumari, ukateleza, ukamchoma kidole. Akaifunga ile ilimba kwenye kitenge, akaiweka juu ya kabati, akasema, "Nimemaliza kazi. Hii itakaa hapo hapo." Watu wa ngoma wakaja kuiomba hivyo hivyo bila alama, akawafukuza. Tangu hapo ikawa kukaa mlangoni na kuangalia ukuta. Mke wake aliniambia kwenye simu, "Perisi, huyu mzee akikaa hivi mpaka masika, sina mume mimi."

Elina amepanga chumba mjini, Area D, mchana yuko ofisini, jioni anacheza na vifaa vyake vya umeme. Yeye akafikiri, mkono wa baba umegoma, lakini alama si iko kichwani kwake? Akachukua masanduku mawili ya sidii ya kompyuta, akatoa zile reli na mota zake, moja inakwenda huku na huku, nyingine mbele na nyuma, akaunga na kompyuta, ikawa mashine ya kuchora. Imebaki moto tu. Ndipo akanijia hapa na bajaji, kapakata boksi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mama. Karibu. Mbona na boksi, umefukuzwa na mwenye nyumba?"

"Mashine hii, Bibi. Ya ilimba ya baba." Akanieleza yote. "Nimeua dayodi zote nilizokuwa nazo. Naifunga inawaka vizuri, nageuka kushika bisibisi, nikirudi imekufa. Baba nimeshamwambia nitafika Jumamosi. Alitabasamu, Bibi. Nikienda mikono mitupu, simpati tena."

Nikaleta kopo langu la majani ya chai. Mimi nilipostaafu, Bwana Rama akiwa ameshatangulia, Mungu amrehemu, nilichukua vitu viwili tu kibandani, ungo na hilo kopo. Ndani yake kila punje imechomekwa kwenye kipande cha ile karatasi ya bati ya ndani ya pakiti ya sigara, vijiguu vyote vimegusa hilo bati. Alinifundisha hivyo, zikikaa kwenye nailoni zinakufa zenyewe. Nikachambua. Nyingi za kusomea. Za kuandikia, nyekundu, zenye misuli, nikapata mbili.

"Hizi mbili ndiyo zilizobaki?"

"Hizi mbili. Lakini umefika kwa Perisi, moja inatosha, nyingine ya kutambia."

Mdomo wangu huu!

Ilikuwa Juni, ule upepo wetu wa Juni unaokausha mpaka mate. Mimi niko sebuleni. Hii nyumba wanangu wamenijengea, Mungu awabariki, wakanitandikia kapeti la plastiki, wakaniwekea kochi la manyoya, na mjukuu wa Dar kaniletea sweta la manyoya. Nimekaa hapo nimeota manyoya kila upande kama kondoo wa kizungu, ndala za mpira mguuni. Nikajivuta kwenye kochi, nikanyoosha mkono, nikaichomoa punje ya kwanza kwenye karatasi yake. Nikasikia "tsk!" kidoleni. Nikasema hiki kitu kimeniuma. Elina akaifunga, akavaa miwani, akapandisha moto taratibu na kisakiti chake. Mwanga bapa. Akapandisha. Bapa. Hamna mchanga.

Mimi niliyefufua deki za nusu ya Dodoma, punje imenifia mkononi kama ya mwanafunzi.

Nikasema, "Elina mama, kumbe wauaji tuko wawili."

Akatamani kulia, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia sweta. "Bibi, umesikia kitu kidoleni?"

"Kimeniuma."

"Ule ni umeme wa mwilini. Ukijisugua kwenye manyoya na nailoni wakati wa upepo mkavu unakusanya, ukigusa kitu unarukia hapo. Wewe unasikia tsk, dayodi inasikia radi. Najua hiyo, nimeisoma, ila sikufikiria, mimi mwenyewe chumbani nakaa kwenye blanketi la manyoya." Akashika kichwa. "Sasa kibandani mlikuwa mnafanyaje? Si na Juni mlikuwa mnafanya kazi?"

"Tunafanya. Tena Juni ndiyo tulikuwa na kazi nyingi, watu wamevuna."

"Mlikuwa na waya wa kujifunga mkononi? Wa kwenda ardhini?"

"Waya wa nini? Nilikuwa nakaa chini kwenye kigoda, miguu peku, nimeshanyunyiza maji..."

Nikaziangalia ndala zangu za mpira. Na yeye akafungua mdomo. Bwana Rama alikuwa haniruhusu kugusa lenzi mpaka niwe nimenyunyiza maji. Alikuwa anagomba kabisa, "Mgogo, mwaga maji kwanza, vumbi litaingia kwenye vioo!" Na mimi nikawa namwagia vumbi, miaka yote hiyo. Wote wawili hatukujua kwamba ule udongo mbichi ulikuwa unanikamua huo umeme kila nikikanyaga.

Elina akasema, "Bibi, wewe ulikuwa umeungwa ardhini mwili mzima."

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa nafagia tu, mama."

Tukahamia hapa uani, hapa hapa mlipokaa. Sweta nikalivua, nikafunga kitenge cha pamba. Nikanyunyiza maji, nikavua ndala, na Elina akavua viatu vyake vya ofisini vyenye kisigino, akakanyaga udongo huku anakunja vidole kama mtoto. Nikagusa ardhi kwa kiganja kwanza. Ndiyo nikachukua punje ya mwisho.

Elina akaiunga vijiguu, akaichomeka kwenye kipande cha alumini kinene, maana punje ikifanya kazi inapata homa, na ikikosa mahali pa kutoa hilo joto inakufa tu. Kidole chako kikishindwa kukaa kwenye ile alumini, zima, pumzisha. Kioo cha kukusanya mwanga akakisogeza mbele na nyuma. Akapandisha moto. Mwanga mfu. Akapandisha. Mfu. Nikasema moyoni, Rama, kama unaniona huko, usinicheke leo. Akapandisha tena kidogo, ikashtuka! Karatasi ikajaa mchanga, unacheza, unametameta. Nilipiga kigelegele jogoo akakimbia tena.

Jumamosi tukaenda Hombolo. Yona kakaa mlangoni, kama tulivyoambiwa, anaangalia ukuta wa jirani. Nikamsalimia, nikaomba ndoo, nikaanza kunyunyiza maji uani kwake.

"Dada Perisi, umetoka Msalato kuja kunifagilia?"

"Vua viatu, mbishi wewe."

Akaitazama ile mashine. Haijazi hata sinia. "Huo moto wa kompyuta unamjua kanga?"

Elina akamwambia, "Haumjui, baba. Ndiyo maana nataka umchore wewe." Akampa karatasi na penseli.

Yona akachora. Mkono ukatetemeka, akaikunja ile karatasi akaitupa. Akachora nyingine, akaikunja. Ya tatu akaikandamiza penseli kwa mikono miwili, akachora nyayo moja, mbili, mpaka zikazunguka zote, akaisukuma mbele bila kuiangalia. "Chukua. Hiyo ndiyo iliyopo." Elina akaipiga picha, akaingiza kwenye kompyuta.

Hapa nisikilizeni: usianzie kwenye kitu cha mtu. Anzia kwenye kipande cha mbao ile ile. Mwanga mwekundu kwenye mbao safi unasitasita, kwa hiyo tukapaka mkaa kidogo pale pa kuchoma, mkaa unaufyonza mwanga, ukimaliza unafuta. Pete vua, saa vua, vijiko na masinia ondoa, chochote kinachong'aa kinaurudisha mwanga kwenye jicho la mtu. Boksi likafunikwa juu. Na usiinue leza juu angani hata kwa mchezo, huku kwetu Msalato tumejengewa uwanja wa ndege, rubani naye ana macho. Tukamvisha Yona miwani, akawa kama mtu anayeendesha pikipiki. Elina akabonyeza.

Mashine ikaanza, ziii, ziii, kamoshi kembamba, harufu ya mninga. Tulikaa tumeinama mpaka mgongo ukalalamika. Ilipomaliza Elina akafuta mkaa kwa kitambaa, na pale tukaona. Nyayo za kanga zipo zote, zimezunguka, zimekutana. Lakini kila mstari unatetemeka. Ile punje ilikuwa na adabu kupita kiasi, imefuata mkono wa mzee kila ulipoyumba.

Uso wa Elina ukabadilika. "Baba, samahani. Nazinyoosha kwenye kompyuta sasa hivi, dakika moja tu, zinakuwa kama za zamani."

Yona akavua miwani. Akachukua kile kipande, akapitisha kidole gumba kwenye zile nyayo, moja baada ya nyingine, polepole, mpaka akarudi alipoanzia. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza. Akaanza kutikisika mabega. Nikasema analia. Kumbe anacheka!

"Usinyooshe," akasema. "Ukinyoosha watasema kanga wa dukani. Huyu kanga wangu amezeeka. Anatembea hivi hivi."

Akaingia ndani mwenyewe, tukasikia kabati linalia, akatoka na kile kitenge. Akaifungua ilimba, akaipaka mkaa kwa mkono wake, akaniambia, "Dada, na mimi nikanyage wapi?" Nikamwonyesha palipolowa. Akavua viatu.

Ile ilimba mmeshaisikia, wapo watu wa ngoma wanaipiga. Wenyewe wanauliza, mzee, hizi nyayo mbona zimeyumba? Anawajibu, "Nendeni mkazeeke, mtanielewa." Punje yangu bado ipo hai, Elina anaipumzisha ikipata homa. Na nyie ndiyo hivyo, kopo langu sasa lina za kusomea tupu, kwa hiyo ya kuandikia mkaitafute wenyewe kwenye skrepa, namba kubwa, kaskrubu kasiwe na mkwaruzo, na mkiipata njooni mniletee mchanga wake niuone.

Ila siyo Jumamosi. Jumamosi sipo. Jana Yona kanipigia simu, nyuma yake nasikia randa inakwangua mbao, hata salamu hakumaliza.

"Dada Perisi, hapa kumekauka. Njoo unyunyize maji, nina nyingine."